Kujifunza Kupiga Ngumi Dodoma: Jimu ya Ngumi, Darasa la Karate au Gunia la Uani?

Mtu anayeishi Dodoma na anayetaka kujifunza kupiga ngumi sawasawa, iwe ni kwa kutamani ulingo au kwa kutaka tu kurudi nyumbani usiku bila hofu, huwa na njia tatu mbele yake. Anaweza kujiunga na jimu ya ngumi chini ya kocha, anaweza kuingia darasa la karate, au anaweza kutundika gunia kwenye mwarobaini wa uani na kujifundisha mwenyewe kwa kutazama video katika simu. Kila njia ina watetezi wake, na mabishano yao vijiweni mara nyingi huwa marefu kuliko mazoezi wanayoyafanya. Nimezipitia zote tatu kwa nyakati tofauti, nikianza na ile ya gunia kwa sababu haikuhitaji kuonwa na mtu, na ninachokiandika hapa ni kwa ajili ya yule ambaye bado hajaamua.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia hizi kwa mambo matano: aina ya ngumi inayofundishwa, namna makosa yanavyosahihishwa, usalama wa mkono na kichwa, gharama pamoja na muda, na manufaa ya mafunzo hayo mtaani na mbele ya sheria. Sivipi vigezo hivi uzito sawa. Kile cha pili, yaani usahihishaji, nakihesabu kuwa kizito kuliko vingine, kwa kuwa ngumi mbaya haimuumi anayeirusha mpaka siku inapogonga kitu kigumu, na kufikia siku hiyo mkono umekwisha kuizoea.

Kabla ya kulinganisha, yapo mambo ambayo kocha wa ngumi na mwalimu wa karate hawabishani juu yake. Vidole vinne hukunjwa kuanzia ncha mpaka viingie kabisa kiganjani, kisha kidole gumba hulazwa kwa nje, juu ya kidole cha shahada na cha kati. Kikifichwa ndani ya ngumi, kinaweza kuvunjika. Kifundo cha mkono hunyooka na mkono wa chini, bila kupinda juu wala chini, na pigo hutua kwenye vifundo vya vidole viwili vya kwanza. Mfupa wa kiganja unaoshika kidole cha mwisho ndio huvunjika sana kwa watu wanaopiga ovyo, na matabibu wameupa mvunjiko huo jina la mabondia, jina ambalo kwa maoni yangu lingewafaa zaidi wanaopiga kuta na milango wakiwa na hasira. Jambo la mwisho ni kwamba nguvu haitoki begani. Hutoka mguuni unaposukuma ardhi, hupanda kwenye nyonga inapogeuka, hupita kwenye kiwiliwili na bega, na mkono huipeleka tu mahali inapotakiwa.

Ngumi inayofundishwa

Katika jimu ya ngumi, mwanafunzi huanza na namna ya kusimama, mguu mmoja mbele na mikono yote miwili karibu na mashavu, kidevu kikiwa kimeinamishwa kidogo. Wiki za kwanza hutumika karibu zote kwa ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, ile wanayoiita jebu, ambayo hutoka kidevuni, hunyooka, na kurudi kwa njia ileile iliyotokea. Baadaye hufuata ngumi iliyonyooka ya mkono wa nyuma, ambapo kisigino cha nyuma huinuka na kugeukia nje ili nyonga izunguke, kisha ngumi ya kuzungusha kutoka pembeni huku kiwiko kikiwa kimekunjwa, na ngumi ya kupandishwa kutoka chini kuelekea kidevuni au tumboni. Orodha hiyo ni fupi kwa makusudi. Masumbwi yameacha mateke, magoti na kushikana ili muda wote uende kwenye mikono, miguu ya kutembea na kichwa cha kukwepa, na ndiyo maana kwa upande wa mikono peke yake ni vigumu kuyapata mafunzo mengine yanayoyafikia kwa kina.

Karate huanza mahali tofauti. Sanaa hii ilikulia Okinawa, na Gichin Funakoshi aliyeipeleka Japani bara mwaka 1922 aliifundisha kama njia ya kumlea mtu na si ya kupigana tu. Ngumi ya mwanzo hutoka kiunoni, ikiwa imeelekezwa juu, na hugeuka karibu na mwisho wa safari yake, huku mkono mwingine ukivutwa kwa nguvu kurudi kiunoni. Wapinzani wa karate hucheka wanapouona ule mkono wa kiunoni, wakisema uso umeachwa wazi, na kwa mpigano wa umbali wa ulingoni wana hoja. Ila waalimu wengi hueleza kwamba mkono unaorudi kiunoni haukukusudiwa kurudi mtupu, bali huvuta nguo au mkono wa adui ili akutane na ngumi inayokuja. Aidha, wanafunzi wanapopambana wao kwa wao, mikono huinuliwa kama ya mabondia. Faida kubwa ya karate kwa mwanzaji ni kwamba ngumi moja hurudiwa maelfu ya mara katika hali tulivu, ikihesabiwa, mpaka mwili uelewe uhusiano wa mguu, nyonga na mkono bila kuharakishwa na mtu anayekurushia makonde.

Gunia la uani halifundishi ngumi yoyote. Linapokea tu ile uliyokuja nayo. Mafundisho hutoka kwenye video, na zipo nzuri kweli, zinazoonyesha kisigino na nyonga kwa mwendo wa polepole ambao hata kocha hawezi kuufanya mbele yako. Kasoro ni kwamba anayefundisha kwenye simu hajui wewe ni mrefu au mfupi, unatumia mkono gani, wala bega lako liliwahi kuteguka, na video inayofuata huenda inakuja na mtindo unaopingana na uliopita.

Nani anakusahihisha

Hapa ndipo tofauti inapoonekana zaidi.

Katika jimu ya ngumi unasahihishwa na watu wawili. Wa kwanza ni kocha mwenye padi mikononi, yaani mito ya kupokelea ngumi, ambaye ukishusha mkono wa kulia unaporusha wa kushoto hukupitishia padi shavuni ili ukumbuke. Wa pili ni mwenzako mnapofanya sparingi, yaani pambano la mazoezi, naye hahitaji maneno. Kosa ambalo kwenye kioo huonekana dogo, kama vile kuinua kidevu au kuchelewa kurudisha mkono, hulipiwa papo hapo. Mafunzo ya namna hii yana ukweli ambao hauwezi kubishaniwa, lakini yana upungufu mmoja: jimu ikiwa na vijana thelathini na kocha mmoja, mgeni anaweza kukaa wiki mbili akiruka kamba na kupiga begi bila mtu kumtazama, na begi likamfundisha mabaya yaleyale ambayo angejifunza nyumbani.

Katika karate, usahihishaji huwa wa utaratibu zaidi. Mwalimu hupita kati ya mistari, husogeza kiwiko cha huyu, hushusha bega la yule, na mitihani ya mikanda humlazimisha kila mtu kukaguliwa. Kinachokosekana mara nyingi ni upinzani wa kweli. Kwenye mitindo inayoshindania pointi, pigo la usoni huzuiliwa lisitue kwa nguvu, hivyo mwanafunzi anaweza kufikia mkanda wa juu bila kujua anavyokuwa baada ya kupigwa. Kyokushin, mtindo ulioanzishwa na Masutatsu Oyama, huruhusu mapigo ya nguvu mwilini, lakini katika mashindano yake hauruhusu ngumi za kichwani, jambo ambalo nalo huacha pengo la aina yake. Kwa hiyo anayechagua karate afanye bidii kumuuliza mwalimu wanapambana vipi na mara ngapi, maana jina la sanaa peke yake halijibu swali hilo.

Nyumbani, msahihishaji ni wewe. Niliwahi kupiga gunia kwa karibu miezi minne nikiamini naendelea vizuri, mpaka siku niliposimamisha simu juu ya ndoo na kujirekodi, nikaona kwamba kila niliporusha mkono wa nyuma kifundo kilikuwa kikipinda kwa ndani na mguu wa nyuma umesimama kama nguzo. Ilinichukua muda mrefu zaidi kuliacha kosa hilo kuliko ulionichukua kulizoea. Kama njia hii ndiyo pekee unayoweza kuimudu, basi kujirekodi kwa pembeni na kwa mbele kila wiki ni sharti, na ni vema kupiga taratibu mbele ya kioo kabla ya kupiga gunia kwa nguvu.

Mkono na kichwa

Jimu ya ngumi huulinda mkono vizuri. Bandeji ya mita 4.5 hufungwa kuzunguka kifundo, kiganja na vifundo vya vidole, kisha glovu huja juu yake, na kwa sparingi watu wazima wengi hutumia glovu nzito za aunsi 16. Ulinzi huo una gharama iliyofichika, kwani bondia huzoea kupiga hata paji la uso bila kuumia, na siku akipiga paji lilelile kwa mkono mtupu anaweza kuvunjika mfupa. Kichwa nacho hakina ulinzi wa kutosha. Kofia ya sparingi hupunguza michaniko, lakini haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Kwenye michezo ya ridhaa ya wanaume ya kimataifa kofia hizo ziliondolewa mwaka 2013. Anayepigwa kisha akapata kichefuchefu, kizunguzungu, kuona maluweluwe au kusahau kilichotokea, asirudi ulingoni siku hiyo, na kocha anayemwambia ajikaze si kocha wa kumwamini. Kinga ya meno ni ya lazima.

Karate huugumisha mkono kidogo kidogo kwa kupiga ubao uliofungwa kamba na kwa kupiga pushapu juu ya vifundo vya vidole. Hili linamfundisha mtu kugonga kwa vifundo viwili sahihi bila kutegemea glovu, ambalo ni jambo la maana kwa kujilinda. Likifanywa kwa pupa, hata hivyo, huumiza viungo vya vidole, na kwa vijana ambao mifupa yao bado inakua sioni sababu ya kulifanya kabisa. Kichwa kinapata nafuu kubwa katika mitindo ya pointi.

Gunia la nyumbani halikupigi kichwani, lakini ndilo linaloumiza vifundo vya mikono kuliko vyote, na sababu kubwa ni namna linavyojazwa. Wengi hujaza mchanga, ambao ni wa bure, na baada ya siku chache mchanga hushuka chini na kushikamana mpaka unakuwa kama jiwe. Jaza vipande vya vitambaa vinavyobaki kwa mafundi cherehani au mitumba iliyochakaa, shindilia safu kwa safu ndani ya sandarusi mbili zilizovaana, na ukitaka uzito weka kifuko kidogo cha mchanga katikati kilichozungukwa na nguo pande zote. Uzito wa karibu nusu ya uzito wako unatosha. Funga mkono bandeji hata kama hujapata glovu, na usipige kwa nguvu zote hadi vifundo vizoee.

Gharama na muda

Kwa upande wa fedha, gunia ndilo rahisi kwa mbali, likifuatiwa na jimu ya ngumi. Mgeni wa ngumi anahitaji bandeji, kinga ya meno na kamba, na mara nyingi huazima glovu za jimu kwa mwanzo, ingawa glovu za kuazima huwa na jasho la watu wengi na ni bora upate zako mapema. Karate ina ada, vazi lake, na malipo ya mitihani ya mikanda ambayo huwashtua wazazi wasioambiwa mapema. Uliza yote kabla ya kuandikishwa.

Kuhusu muda, mtu anayefika jimu ya ngumi mara tatu kwa wiki anaweza kuwa na ngumi mbili zilizonyooka zinazoaminika baada ya miezi mitatu hadi sita. Karate haina haraka hiyo wala haijifanyi kuwa nayo. Nyumbani hakuna ratiba, na huo ndio ugonjwa wake, kwa kuwa upepo wa vumbi wa Julai ukianza au asubuhi za baridi zikija, gunia hubaki likining'inia hadi ndege wajenge humo. Mazoezi ya nje hapa Dodoma yanafaa alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu jua la mchana la ukanda huu humkausha mtu kabla hajajua ana kiu.

Mtaani na mbele ya sheria

Wanaokuja kwa ajili ya kujilinda wanapaswa kulisoma jambo hili kwa makini kuliko mengine. Bondia ana faida ya kuzoea kupigwa, haduwai, na anajua umbali. Lakini hajafundishwa kushikwa koo, kuvutwa nguo wala kuangushwa chini, na sheria za ulingo zimemzoesha mpinzani mmoja asiye na kitu mkononi. Mwanakarate, akiwa na mwalimu anayejali jambo hilo, hujifunza kujinasua anaposhikwa na kutumia sehemu ya chini ya kiganja, pigo ambalo likielekezwa usoni huhatarisha mifupa ya mkono kidogo kuliko ngumi. Aliyejifunza kwa gunia ana nguvu na pumzi, pamoja na kujiamini ambako hakujawahi kupimwa, na hilo la mwisho ndilo linalomponza. Kwa wote watatu, mbele ya kisu au vijana watatu kwenye uchochoro, ufundi bora ni miguu ya kukimbia kuelekea penye taa na watu.

Ngumi inayotua kwenye meno ya mtu huweza kuchana ngozi ya vifundo na kuingiza vijidudu vya mdomoni hadi kwenye kiungo. Jeraha la namna hiyo, hata likiwa dogo kama mkwaruzo, lipelekwe kwa daktari siku ileile.

Halafu kuna sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inatambua haki ya mtu kujitetea mwenyewe, kumtetea mwingine na kutetea mali, lakini inataka nguvu inayotumika iwe ya kiasi kinachostahili. Aliyekutukana hajakupa haki ya kumvunja taya, na aliyeanguka au kukimbia hana tena hatari ya kujitetea dhidi yake. Kila mtu hapa nchini anaijua PF3, ile fomu ya polisi anayopewa aliyejeruhiwa ili atibiwe na jeraha lake liandikwe. Mshindi wa ugomvi wa baa hugundua kesho yake kwamba ushindi wake umekwisha kujazwa kwenye fomu hiyo kwa mwandiko wa daktari.

Nani aende wapi

Kijana mwenye miaka kati ya kumi na sita na thelathini anayetamani mashindano aende jimu ya ngumi, kwa sababu njia ya juu inaonekana wazi. Titus Simba alileta medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba akachukua dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998, na mwaka 2022 Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walirudi na shaba kutoka Birmingham. Karate iliingia Olimpiki mara moja tu, kwenye michezo ya Tokyo, na haikuwamo Paris mwaka 2024.

Mzazi anayemtafutia mtoto wa miaka minane nidhamu na mwili mwepesi atapata zaidi kwenye karate, mradi ashuhudie darasa moja akiwa ameketi humo ndani. Mtu mzima wa miaka arobaini na kuendelea, mwenye kazi ya mezani kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na asiyetaka kupigwa kichwani, anaweza kuchagua yoyote kati ya hizo mbili kwa kupatana na mwalimu tangu siku ya kwanza kwamba atapiga begi na padi bila sparingi. Kocha mwenye akili hukubali bila kinyongo.

Mwanamke anayetaka kujilinda asizuiwe na dhana kwamba jimu ya ngumi ni ya wanaume, kwani masumbwi ya wanawake yamo Olimpiki tangu London mwaka 2012. Aangalie tu kama kuna wanawake wengine wanaofanya mazoezi, kama kuna mahali pa kubadilishia nguo, na kama saa za kutoka zinampa usafiri wa uhakika wa kurudi nyumbani. Darasa la karate lenye mafunzo ya kujinasua linaweza kumfaa mapema zaidi kuliko raundi za sparingi dhidi ya mtu aliyemzidi kilo ishirini.

Mwanafunzi wa chuo asiye na ada, au mtu anayeishi Bahi, Kongwa au kijiji cha mbali ambako hakuna mwalimu, aanze na gunia bila aibu, ajizuie kwa ngumi mbili tu zilizonyooka kwa miezi miwili ya kwanza, na kila anapofika mjini atafute kocha wa kumtazama hata kwa nusu saa. Nusu saa hiyo itamwonyesha makosa ambayo gunia limekuwa likiyanyamazia.

Na anayebaki akisita kati ya jimu na karate azitembelee zote mbili jioni tofauti kabla ya kulipa chochote, akae pembeni, awaache mabingwa wa ukumbi na amtazame mgeni wa wiki ya kwanza: ni nani anayemfunga bandeji au kumshika kiwiko, na ni mara ngapi.